Mikono ya mama inatetemeka anaposhika kikombe: naomba msaada wa kuelewa chanzo chake

Binti wa Bondeni, Nakuru

Wapendwa wasomaji, nawasalimu nikiwa Nakuru, ingawa jambo linaloniondolea usingizi liko nyumbani kwetu Vihiga, anakoishi mama yangu mwenye umri wa miaka 68. Kwa miaka kadhaa mikono yake imekuwa ikitetemeka bila hiari yake, na sasa hali imezidi kiasi kwamba akiinua kikombe, chai nyingi humwagika kabla ya kufika mdomoni. Akiwa ameketi tu, mikono ikiwa mapajani, hutulia kabisa. Ni pale anapomimina, anapotia uzi kwenye sindano au anapotakiwa kutia sahihi kwenye fomu za chama chake cha akina mama ndipo inapoanza. Siku hizi hata sauti yake hutikisika anapoanzisha wimbo kanisani, na ameanza kukwepa mazishi na harambee kwa sababu hataki watu wamwone akila. Kuna majirani wanaonong'ona kwamba anakunywa chang'aa kisirisiri, ilhali mama yangu hajawahi kuonja pombe maishani mwake.

Tulipokutana kama familia wakati wa Pasaka, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama mkubwa alitukumbusha kwamba marehemu baba yao alitetemeka vivyo hivyo uzeeni, na kwa maoni yake mzee huyo anadai mtoto apewe jina lake. Mjomba, ambaye ni mzee wa kanisa, anaamini kwamba huenda ni Roho anayemgusa dada yake na kwamba tunapaswa kufunga na kuomba. Binamu yangu alisoma kwenye simu akatangaza mbele ya mama mwenyewe kwamba ni ugonjwa wa Parkinson na kwamba hauna tiba, na tangu siku hiyo mama amekuwa mnyonge. Jambo lililozidisha hofu ni kwamba mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 31, anayefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Ikolomani, naye ameanza kutetemeka vidole. Wengi sasa wanasema jambo hili limo katika damu yetu, au limo katika laana.

Naomba mwenye ujuzi anieleze: kutetemeka kwa namna hii husababishwa na nini, na nitajuaje kama ni maradhi mabaya? Mimi mwenyewe kope la jicho la kushoto limekuwa likinicheza kwa wiki kadhaa, na sijui kama nami nimeingia katika orodha.

Tabibu wa Kondele, Kisumu

Dada yangu, pole kwa wasiwasi huo, na umfikishie mama pole zangu, kwa maana kushukiwa ulevi na watu unaoabudu nao ni mzigo mzito kuliko hata kutetemeka kwenyewe. Mimi ni afisa wa kliniki, na siwezi kutoa uamuzi kuhusu mtu ambaye sijamwona. Hata hivyo umeeleza jambo moja kwa usahihi ambao wagonjwa wengi hawautoi hata wakiulizwa: umesema mkono hutulia ukiwa mapajani na hutetemeka unapopewa kazi. Tofauti hiyo hutuambia mengi kuliko ukali wa mtetemeko wenyewe.

Kwanza ieleweke kwamba hakuna mkono wa mtu aliye hai usiotetemeka. Ukinyosha mkono mbele na kulalisha karatasi juu ya vidole, utaona kingo za karatasi zikicheza, kwa kuwa misuli hutikisika kidogo kati ya mara 8 na 12 kila sekunde. Mtetemeko huu wa kawaida hauonekani kwa macho mpaka kitu kiukuze: hofu, njaa, uchovu, kukosa usingizi, kahawa au chai kali, miraa, sukari iliyoshuka mwilini, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, au dawa fulani. Ndiyo maana kabla ya kulitaja gonjwa lolote kubwa, sisi matabibu hutafuta kwanza mambo haya yanayorekebishika.

Mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson una tabia nyingine. Huonekana zaidi mkono ukiwa umepumzika, mara nyingi upande mmoja kwanza, kwa mwendo wa polepole wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde, kidole gumba kikisuguana na kidole cha shahada kana kwamba mtu anaviringisha punje ya mahindi. Mkono ukinyoshwa kuchukua kitu, mtetemeko hupungua au hukoma kwa muda. Tena ugonjwa huo haumtetemeshi mtu tu: humfanya awe mzito wa mwendo, misuli hukakamaa, hatua hufupika, mkono mmoja huacha kupunga atembeapo, mwandiko huwa mdogo zaidi na zaidi, uso hupoteza uchangamfu, na mara nyingi mgonjwa alikuwa amepoteza uwezo wa kunusa au alikuwa akifunga choo miaka mingi kabla. Chanzo chake ni kufa kwa chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mwendo. Daktari James Parkinson wa London alipoueleza ugonjwa huo mwaka wa 1817, aliandika kuhusu watu 6 tu, na baadhi yao aliwaona njiani wakitembea. Mpaka leo ugonjwa huo hutambuliwa hasa kwa kumtazama mgonjwa kwa makini, na ndiyo sababu sipendi kuona familia ikikimbilia kulipia picha ghali za kichwa kabla ya mtu yeyote kumtazama mama akitembea na kuandika. Nitaongeza kwamba binamu yako hakuwa na haki ya kusema vile mbele yake. Parkinson haiponi, lakini dawa iitwayo levodopa huwarudishia wengi uwezo wa kufanya kazi zao kwa miaka, na maelezo uliyotoa kuhusu mama hayafanani nayo sana.

Yanafanana zaidi na kile ambacho madaktari hukiita mtetemeko wa asili, ambao huonekana mikono inapofanya kazi au inaponyoshwa, hushika mikono yote miwili ingawa si lazima kwa kiwango sawa, na unaweza kuingia kichwani au katika sauti. Ni wa kawaida kuliko Parkinson kwa mbali. Hutokana na hitilafu katika njia za mawasiliano zinazounganisha ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa na sehemu nyingine zinazoongoza mwendo. Hauui, ingawa huongezeka polepole kadiri umri unavyosonga na unaweza kumnyima mtu raha ya kula mbele za watu. Zaidi ya yote, mara nyingi hurithiwa: kwa familia zenye mtetemeko huo, kila mtoto wa mzazi aliye nao huweza kuwa na nafasi ya nusu kwa nusu ya kuupata. Kwa hiyo ushahidi wa mama yenu mkubwa kuhusu baba yao ndio wenye thamani kubwa kuliko yote yaliyosemwa katika kikao chenu. Hata kama hukubaliani naye kuhusu maana yake, aliona ukweli, na daktari anapaswa kuusikia.

Ipo aina ya tatu, ambapo mkono huyumba zaidi unapokaribia kufika kwenye lengo, kwa mfano kidole kinapokaribia kugusa pua. Hiyo huelekeza kwenye ubongo mdogo wenyewe, ulioumizwa na kiharusi, pombe ya miaka mingi au maradhi mengine, na kwa kawaida mtu huyo huyumba pia anapotembea.

Kuhusu maneno ya majirani, mtetemeko wa mlevi una saa zake. Huja saa chache baada ya kinywaji cha mwisho, hasa asubuhi, pamoja na jasho na wasiwasi, na hutulia akinywa tena. Nalitaja kwa sababu kuna familia humfungia mlevi ndani ili aache ghafla, na mtu aliyezoea kunywa kila siku anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza na kuchanganyikiwa vibaya baadaye. Huyo anahitaji kuachishwa chini ya uangalizi wa hospitali. Na huku kwetu karibu na ziwa, mtu akitetemeka meno yakigongana, sharti apimwe malaria siku hiyo hiyo. Hapo ubongo umepandisha kiwango cha joto unachokitaka, na misuli inatikisika ili kulizalisha joto hilo. Huo hauna uhusiano na hali ya mama.

Kope lako linalocheza karibu kila mara hutokana na uchovu, usingizi mchache, chai au kahawa nyingi na mawazo, nawe umekiri kwamba hulali. Likianza kufunga jicho zima, au mchezo huo ukishuka shavuni na kuvuta mdomo, nenda ukaonwe.

Nijibu haya: mama anatumia dawa gani, hata zile ambazo hazifikirii kuwa dawa? Amepungua uzito, moyo humwenda mbio, au huhisi joto wenzake wakiwa hawalihisi? Ana kisukari? Dawa za kuzuia kutapika na dawa za magonjwa ya akili, kama metoklopramaidi na haloperidoli, huweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na za Parkinson, na aghalabu hutoweka dawa zikiachwa kwa ushauri wa daktari.

Mwalimu Mstaafu, Mbale, Vihiga

Binti yangu, nimeishi miongoni mwa watu wako na ninaufahamu uzito wa maneno yaliyosemwa katika kikao chenu. Nisingependa uyapuuze kana kwamba ni ujinga, maana waliosema wanampenda mama yako.

Kutetemeka mbele za Mungu si jambo geni kwetu. Wakati wa uamsho wa mwaka wa 1927 pale Kaimosi, kwenye misheni ambayo Marafiki, yaani Wakweka, waliianzisha mwaka wa 1902, watu waliungama kwa kilio, wakanena kwa lugha, na miili yao ikatikisika, na kutokana na uamsho huo yalizaliwa makanisa ya Roho ambayo yangali yanapiga ngoma zao Jumapili katika vilima vyetu. Nimesimama katika ibada hizo nikayaona. Lakini kutetemeka huko kuna mahali pake: huja katika maombi au wimbo, huushika mwili mzima, kisha hupita, na mtu hurudi kwake akiwa na amani na mikono yake ikiwa imara kama zamani. Mama yako hutetemeka Jumatatu asubuhi akitia uzi kwenye sindano. Ikiwa mjomba wako ni mzee wa kanisa, muulize kwa heshima kama amewahi kuona Roho akimnyima mtumishi wake uwezo wa kushika kikombe, miaka nenda miaka rudi, na kumtenga na ushirika wa wenzake. Mimi sijaona. Waombeeni wote, na mfunge mkipenda, lakini maombi hayamzuii mtu kupanda matatu kwenda hospitali.

Kuhusu jina la babu, kumpa mtoto jina la mzee aliyetangulia ni heshima kubwa na sina neno dhidi yake. Mpeni mtoto jina hilo kwa kuwa mnamkumbuka mzee na mnamtakia mtoto baraka zake. Ninachoogopa ni kwamba jina litatolewa, mbuzi atachinjwa, mikono itaendelea kutetemeka, kisha atatafutwa mtu wa kulaumiwa, na mara nyingi mtu huyo huwa ni mjane au mke wa mtu aliyeolewa kutoka mbali. Nimeshuhudia boma likisambaratika kwa njia hiyo.

Mfanyabiashara wa Kibuye, Kisumu

Dada, baba yangu mdogo alikuwa na hali hiyo hiyo, mikono na sauti, na alikuwa seremala asiyeweza tena kupiga msumari. Daktari alimwandikia propranololi, vidonge vya bei nafuu ambavyo wengi huvitumia kwa shinikizo la damu, na katika muda mfupi alirudi karakanani. Hakupona kabisa, lakini mtetemeko ulipungua kiasi cha kuweza kufanya kazi na kuandika jina lake. Nakushauri umtafutie mama dawa hiyo mapema badala ya kuendelea kuhangaika, maana hupatikana katika maduka mengi ya dawa hata huko Luanda na Mbale.

Binti wa Bondeni, Nakuru

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Mwalimu, maneno yako nimemsomea mama kwa simu, naye ameniomba niyasome mara ya pili.

Tabibu, nimempigia na kumuuliza maswali yako. Hajapungua uzito, na hana habari kama ana kisukari kwa sababu hajawahi kupimwa. Moyo humwenda mbio mara kwa mara. Dawa anayotumia ni moja tu, ile ya kuvuta ya pumu, yenye kopo la samawati, ambayo amekuwa nayo kwa miaka mingi. Zamani aliivuta mara chache, lakini tangu mvua zilizopita anaivuta asubuhi, mchana na usiku, na wakati mwingine zaidi, hasa akiwa jikoni kwenye moshi wa kuni. Hakuitaja kwa sababu kwake yeye hiyo si dawa, ni kitu cha kumsaidia kupumua. Nilikuwa karibu kumtumia pesa anunue propranololi leo jioni. Je, nifanye hivyo?

Tabibu wa Kondele, Kisumu

Usimtumie. Nakuomba umpigie sasa hivi umwambie asiinunue na asikubali kuipokea kwa yeyote. Propranololi imewasaidia wengi wenye mtetemeko wa asili, na nafurahi kwamba ilimrudisha yule seremala kazini, lakini kwa mtu mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa hadi ashindwe kupumua. Tena huziba zile zile sehemu za mwili ambazo dawa yake ya kuvuta huzitegemea ili imsaidie, kwa hiyo akibanwa kifua usiku atavuta lile kopo lake na huenda lisimfae. Ndugu yetu wa Kibuye ametoa ushauri kwa nia njema, nami nawasihi wanaosoma hapa wasinunue dawa hii bila kupimwa.

Majibu yako yamefungua mlango mwingine. Kopo la samawati kwa kawaida huwa na salbutamoli, ambayo hulegeza njia za hewa lakini pia huharakisha moyo na kutetemesha mikono, na kadiri inavyovutwa mara nyingi ndivyo mikono inavyotikisika. Ninavyoona, kuna mambo mawili yaliyokutana ndani ya mwili mmoja: mtetemeko wa zamani ambao huenda aliurithi kwa baba yake, na juu yake mtetemeko wa dawa, ulioanza kuongezeka alipoanza kuivuta kila siku. Hilo lingeeleza kwa nini hali ilizidi hivi karibuni.

Hata hivyo asiiache kwa kuogopa kutetemeka. Pumu inaweza kumwua, na mtetemeko hauwezi. Mtu anayehitaji dawa ya kutuliza mara nyingi namna hiyo ana pumu isiyodhibitiwa, na anachokosa ni dawa ya kuvuta ya kinga, yenye steroidi, inayotumiwa kila siku ili kifua kisibane. Pumu ikidhibitiwa, kopo la samawati litakaa muda mrefu bila kuguswa, na mikono itapata nafuu bila kidonge chochote cha mtetemeko. Moshi wa kuni nao utafutiwe njia: apike nje au kwenye jiko lenye bomba la moshi, na wajukuu wamsaidie kuwasha moto.

Mchimbaji wa Zamani, Migori

Nimesoma mazungumzo yote, na nashangaa kwamba ndugu mdogo wa dada huyu amesahaulika. Tafadhali msimweke katika kapu moja na mama yake.

Nilifanya kazi ya dhahabu kwa miaka mingi kabla ya kuiacha, na najua namna inavyofanywa. Mawe husagwa, unga wake huoshwa kwa maji, kisha mchanga mzito uliobaki huchanganywa na zebaki kwenye karai, mara nyingi kwa mikono mitupu, ili zebaki iishike dhahabu. Donge linalotokea hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa juu ya jiko la makaa mpaka zebaki yote itoke kama mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na mtu anayeinama kulitazama donge huuvuta bila kujua. Asilimia kama 80 ya mvuke wa zebaki unaoingia mapafuni hubaki mwilini, huingia katika damu na kufika kwenye ubongo. Wengi huchomea ndani ya nyumba wakiogopa kuibiwa, huku mke na watoto wakiwa chumba hicho hicho.

Dalili zake tulizijua bila kuzijua. Mtu alianza kutetemeka vidole, kisha kope na midomo, na mwandiko wake ukaharibika. Alikosa usingizi, akawa mkali kwa jambo dogo au akajificha watu, akasahau hesabu za mgawo, ufizi ukavimba na kutoa damu, mate yakamjaa kinywani. Sisi tulisema kwamba pesa za dhahabu zimemlewesha, au kwamba mwenzake amemroga shimoni. Dada, muulize ndugu yako kama yeye ndiye anayechoma, anachomea wapi, na kama ana lolote kati ya hayo. Kijana wa miaka 31 anayeshughulika na zebaki asiambiwe kwamba ameurithi mtetemeko kabla zebaki haijatafutwa mwilini mwake. Zebaki aliyovuta hutafutwa katika mkojo, na ni daktari anayeagiza kipimo hicho, kwa hiyo lazima amwambie kazi yake waziwazi, hata kama shimo lenyewe halina leseni.

Wakati anasubiri, aache kuchoma. Kupungua kwa zebaki mwilini huchukua miezi, si siku, na kila donge analochoma huirudisha hesabu nyuma. Kama hawezi kuacha kazi, kuna vyombo vya kuchomea vilivyofungwa ambavyo huukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki inayoweza kutumika tena, na mwenye busara huviweka nje, mbali na watu. Nguo za kazini zisifuliwe pamoja na za mtoto.

Tabibu wa Kondele, Kisumu

Namshukuru ndugu wa Migori kwa kuliona hilo, na nakubaliana naye katika kila neno. Ningeongeza tu kwamba uwezekano wa mwana kurithi mtetemeko wa mama upo, na vijana huweza kuupata, lakini palipo na sumu inayojulikana, sumu hutafutwa kwanza. Hali kadhalika kwa wanaonyunyizia dawa za wadudu kwenye viazi na maua huko kwenu Nakuru: misuli inayorukaruka pamoja na machozi, mate mengi, jasho na kifua kubana baada ya kunyunyizia ni dharura, na mtu huyo apelekwe hospitali akiwa na kibandiko cha chupa ya dawa mkononi.

Sasa nikueleze nini cha kufanya, dada. Mama aanzie kituo cha afya kilicho karibu, apewe rufaa ya kwenda Mbale au Kakamega, na msubiri zamu yake kwa daktari wa magonjwa ya ndani ikiwa daktari wa mishipa ya fahamu hapatikani haraka. Abebe lile kopo la samawati na dawa nyingine yoyote aliyowahi kupewa, pamoja na majina ya ndugu waliotetemeka na umri walioanzia. Mjukuu ampige video kwa simu akiwa ametulia, akinyosha mikono, akimimina maji na akitembea, kwa sababu hofu ya chumba cha daktari hubadilisha mikono ya kila mtu. Aandike pia sentensi moja na kuchora mduara unaozunguka kwenda nje kama konokono, kwa mkono wa kulia kisha wa kushoto, karatasi iandikwe tarehe na kuhifadhiwa. Baada ya miezi sita achore tena. Vipimo ambavyo ningeviomba mwanzoni ni sukari ya damu na kipimo cha tezi ya shingoni, hasa kwa kuwa umesema moyo humwenda mbio.

Ikiwa baada ya pumu kutulia mtetemeko bado unamsumbua, zipo dawa ambazo hazina hatari ya propranololi kwa kifua, kama primidoni, inayoanzwa kwa kiasi kidogo sana kwa sababu huleta usingizi na kizunguzungu, na kwa mtu wa umri wake hilo linaweza kumwangusha. Si lazima apewe dawa. Wagonjwa wangu kadhaa wamechagua kubaki bila dawa baada ya kujua wana nini.

Kwa sasa ajaribu kikombe kizito chenye mkono mpana, kijazwe nusu, akishike kwa mikono yote miwili huku viwiko vikiegemea meza, au atumie mrija. Kwenye chama na benki aombe kutumia alama ya kidole gumba badala ya sahihi, jambo linalokubalika. Akitaka, daktari anaweza kumwandikia barua fupi inayosema kwamba ana hali ya kiafya inayotetemesha mikono na kwamba haitokani na pombe, naye mjomba wako, kama mzee wa kanisa, angeweza kuisoma mbele ya akina mama wenzake kwa idhini yake.

Ukiona mkono au mguu wa upande mmoja umedhoofika ghafla, mdomo ukapinda, au mtetemeko ukaja pamoja na kupoteza fahamu, msisubiri rufaa yoyote. Nijulishe watakachosema kuhusu pumu yake, na unitumie majibu ya mkojo wa ndugu yako yakitoka.